Mlango Alioufunga Nasra

Mkuu wa chuo ameniomba niwaandikie walimu vijana ukurasa mmoja wa kuwatia moyo, kwa kuwa nimestaafu na nina muda. Muda ninao. Moyo wa kuwatia watu moyo sina, maana tangu siku mliyoniaga nina hasira ambayo haijapoa, na haitoshi kwenye ukurasa mmoja. Nitaandika kama nilivyofundisha, kuanzia mwanzo, na atakayechoka aende akanywe chai.

Kwenye kadi mliyonipa pamoja na saa ya ukutani (nyumbani ninazo mbili, na zote zinajua saa) mliandika hivi: "Hakuna mwanafunzi aliyepotea mikononi mwa Mwalimu Magdalena." Sitaki kujua nani aliitunga sentensi hiyo. Nataka tu ajue kwamba si kweli, na kwamba mimi nilijua si kweli wakati naipokea kwa mikono miwili, nikikunja goti kidogo kwa adabu.

Kiitaliano sikukipata shuleni. Nilimaliza darasa la saba Bungu nikaletwa Lushoto kufanya kazi ya jikoni kwenye nyumba ya masista, na mwenye jiko alikuwa Sista Ornella, Mwitaliano mfupi mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya bonde. Siku ya kwanza alinipa sinia la maharage nichambue. Kisha akachukua maharage sita akayapanga mezani mstari mmoja. La kwanza mimi, la pili wewe, la tatu yeye, la nne sisi, la tano ninyi, la sita wao. Akagusa la kwanza: lavo, naosha. La pili: lavi, unaosha. Sikuelewa kitu, ila nilifikiri huyu mama anaongea na mboga. Baada ya wiki mbili nilikuwa nasugua sufuria huku nasema lavo, lavi, lava, laviamo, lavate, lavano. Tulipomaliza wakati uliopo tukarudi kwenye wakati uliopita, kisha tukaenda kwenye ujao, kwa maharage yale yale, mpaka yakaanza kuchubuka.

Hakuwa na kitabu, alikuwa na kazi. Kitenzi cha kuosha alinifundishia kwenye karo, cha kukata kwenye ubao wa nyama, na cha kungoja tukiwa tunangoja maji yachemke, na kwa baridi ya kule kitenzi hicho tulikinyambua mpaka mwisho. Na kutwa nzima aliniamuru. Lava! Taglia! Vieni! Osha, kata, njoo. Amri za Kiitaliano nilizijua kabla ya kitu kingine chochote, lakini shikeni hili, maana nitalirudia: nilizijua kwa kuzipokea. Sikuwahi hata siku moja kumwambia Sista Ornella "njoo". Nani angethubutu? Yeye mtu mzima, mimi nina miaka kumi na mitano, na mwiko uko mkononi mwake.

Chuo kilipofunguliwa yeye alikuwa ameshachoka miguu, akawaambia waliohusika kwamba mwalimu yupo, anamenya viazi. Ndivyo nilivyoajiriwa. Kwa msomaji asiyekijua chuo chetu: ni vyumba vinne juu ya mji, na kazi yake ni kuwafundisha Kiitaliano watu wanaokwenda kusoma huko, yaani masista, waseminari na wauguzi, pamoja na vijana wanaoongoza watalii kwenye njia za milimani. Darasa langu la kwanza lilikuwa na watu saba. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka ndani, sura za waliokaa nyuma sizioni. Nikatoa maharage sita mfukoni mwa sweta. Sista mmoja akaniuliza kwa heshima zote kama somo la upishi linaanza kabla au baada ya lugha.

Mabango hatukuwa nayo. Niliomba mifuko mitupu ya saruji kwa mafundi waliokuwa wanajenga choo, nikaikung'uta, nikaigeuza nje ndani, nikaandika kwa kalamu nene. Kitenzi kimoja kilimaliza ukuta mzima. Ninyi mnaobofya simu mkapata jedwali zima hamjui ninachosema. Kitenzi cha Kiitaliano kinabadilika mwisho wake kwa kila harage, halafu kwa kila wakati, halafu kwa kila hali: hali ya kueleza jambo lilivyo, hali ya kutaka au kushuku, hali ya sharti, na hali ya kuamuru. Ukimaliza unakuta na vitenzi vikorofi, ambavyo havifuati chochote, na ndivyo vinavyotumika kila siku: kuwa, kwenda, kufanya, kusema. Nilipata chafya za saruji miezi mitatu.

Kuna jambo moja la mtaala niliseme wazi kwa kuwa sasa hakuna wa kuniita ofisini. Kila mwaka nililazimishwa kutumia wiki tatu kwenye wakati wa mbali sana, ule wa kusimulia mambo ya wafalme waliokwisha kufa. Kwenye mazungumzo waliotoka huko hatukuwasikia wakiutumia. Kijana mmoja, mwongozaji wa watalii, aliupenda kwa sababu ulikuwa na midundo. Akasimama juu ya mwamba mbele ya Waitaliano wanane akawaeleza chakula cha mchana walichokula jana yake kama vile kililiwa enzi za wafalme wa zamani wa Vuga. Wanane wote walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kijana alirudi amenuna, na mimi niliyemfundisha niliandika kwenye ripoti kwamba mada imeeleweka. Wiki tatu hizo ningezitumia kwa jambo jingine, na jambo lenyewe nitalitaja sasa hivi.

Njia yangu ilikuwa ni kuimba. Watu wa huku wamekulia kwenye kwaya au kwenye kaswida, wape mstari wenye mahadhi watakurudishia kwa sauti nne. Kila asubuhi tulisimama tukaimba ukuta: nyakati zote, hali zote, harage kwa harage. Mkuu aliwaleta wageni dirishani wasikilize. Wageni walitikisa vichwa, wakapiga picha, wakasema ajabu. Nilivimba kichwa, sikatai.

Lakini tulipofika pembe ya ukuta yenye hali ya kuamuru, kwaya ilikufa. Darasa la kwanza, la pili, la kumi, mambo yalikuwa yale yale. Ningesema, "Haya, niambie mimi ninyamaze," na mwanafunzi angeangalia viatu vyake.

"Mwalimu, hapo siwezi."

"Huwezi nini? Ni zoezi tu."

"Nikuambie wewe unyamaze? Mama akisikia?"

Darasa zima lingecheka, mimi pia ningecheka, na ningesema basi, andikeni kwenye daftari. Wakaandika, vizuri kabisa, bila kosa. Kiitaliano kina amri ya kumpa mtoto na amri nyingine ya kumpa mtu unayemheshimu, yenye adabu yake yote, na ningeweza kuwaambia kwamba kwa amri hiyo hata mkwe anaamrishwa na hakasiriki. Sikuwafundisha kuitamka. Nilijiambia nawalinda adabu zao. Ukweli ni kwamba nilifurahia. Nilipandishwa hapa kumenya viazi, na sasa kuna chumba kizima cha watu ambao hawathubutu kuniambia nikae. Hakuna mkaguzi aliyeliona hilo, kwa sababu madaftari yalikuwa safi.

Ndipo akaja Nasra.

Nasra alitoka Soni, kwenye familia ya Waislamu wakulima wa bustani. Mama yake aliuza kabichi na karoti pale barabarani, na Nasra alikuwa mhudumu kwenye zahanati, ana miaka ishirini na mbili. Ilikuwa imepatikana nafasi moja ya kwenda Italia kusomea uuguzi miaka mitatu, kila kitu kimelipiwa, na wangempima mtu kwa mahojiano ya Kiitaliano. Nafasi moja. Alipanda kutoka Soni mara nne kwa wiki kwa miezi kumi na minne, na maharage yake sita alikuja nayo mwenyewe kwenye pindo la kanga.

Nimefundisha mamia ya watu na sijapata wa namna yake. Hali ya kutaka na kushuku, ambayo wengine wanaikimbia, yeye aliipenda. Alinyambua vitenzi akifunga karoti mafungu, harage moja kwa kila fungu, midomo inacheza. Mama yake aliwaambia majirani binti amezidisha nyiradi, mpaka siku moja nilipopita kununua plamu akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mwalimu, hizi anazosoma Nasra ni dua za nini? Maana zinaisha kwa 'ano, ano'."

"Si dua, Mama Nasra. Ni wao wanaosha."

"Wao kina nani?"

"Wowote."

Alifikiri kidogo, akasema basi Mungu awape nguvu. Tulicheka wote watatu, na Nasra aliyekuwa ametusikia. Nalikumbuka cheko lile kuliko ninavyotaka.

Siku ya mahojiano alikuja Profesa, mzee mwenye mvi, mtaratibu, aliyetumwa na hao wenye nafasi. Walikaa watu wanne chumbani: Profesa, Mkuu, mimi kwenye kiti cha pembeni, na Nasra. Alimsalimu Profesa kwa Kiitaliano, kisha mikono ikashuka mapajani. Aliulizwa yaliyopita akajibu. Akaulizwa yajayo, akajibu. Akaulizwa angefanya nini kama mgonjwa angekataa dawa, na kwa jibu hilo Profesa aliweka kalamu chini akamsikiliza tu. Nilikuwa nimeshaanza kumwona Nasra kwenye ndege.

Mlango ulikuwa wazi, ukungu unaingia, na Profesa hakuwa na sweta. Mlango ule wanaoujua wanaujua: mbao zimevimba kwa unyevu, bila kuusukuma kwa bega haufungi. Profesa akajikumbatia, akatabasamu, akasema, "Vizuri. Sasa niambie nifunge mlango."

Nasra akautazama mlango.

Profesa akarudia polepole. "Niamuru mimi. Niambie nifunge mlango."

Nasra akasimama. Akaenda mlangoni, akaweka bega, akausukuma ukafunga kwa kishindo, akarudi, akakaa, akainamisha macho. Kwa mtu wa huku hilo ndilo jibu. Mzee anasikia baridi, wewe kijana umekaa, halafu umwambie anyanyuke afunge? Hata kwa Kiswahili asingesema. Kwa Kishambaa angezabwa kofi.

Profesa alidhani hakusikia. Akasimama yeye mwenyewe. "Tujaribu nyingine. Niambie nikae." Nasra kuona mzee amesimama, naye akasimama. Wakabaki wamesimama hivyo, wanatazamana, yeye anangoja sentensi na Nasra anangoja mzee akae.

Hapo Profesa alinigeukia mimi. Aliuliza kwa upole, na upole huo ndio unaonikera mpaka leo, kwa sababu ulinipa nafasi. "Mwalimu, hili mlilifundisha darasani? Wamewahi kulitamka?"

Mkuu alikuwa ananitazama. Ningesema hapana. Neno moja. Ningesema, hapana Profesa, kosa ni langu, huku kwetu kijana hamwamuru mtu mzima na mimi niliwaachia, mpe dakika tano nimweleze kwamba kwenu inaruhusiwa. Nina hakika angempa. Badala yake nilisema, "Sì, certo." Ndiyo, bila shaka. Nimefundisha, tena mara nyingi.

Nasra aliniangalia mara moja tu. Angeweza kusema si kweli. Lakini binti aliyeshindwa kumwambia mzee afunge mlango, angewezaje kumwambia mwalimu wake kwamba anasema uongo? Mimi ndiye niliyemlea kwenye kimya hicho, kikanifaa siku ile. Profesa akaandika. Baadaye tuliambiwa alichoandika: mwanafunzi ana kumbukumbu nzuri lakini hafuati mafundisho wala maelekezo, na kwenye wodi hilo ni hatari. Nafasi ikaenda kwa mtu wa chuo kingine.

Nilimkasirikia Profesa kwa kutojua. Nilimkasirikia Mkuu, ambaye alisema "msichana aliogopa" akaenda kula. Hasira hizo ni rahisi kuzibeba, nimezibeba miaka kumi na moja ili nisibebe ya kwangu. Nasra alikuja wiki iliyofuata kurudisha vitabu, vimefunikwa kwa gazeti ili visichafuke. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba." Hayo ndiyo tuliyozungumza.

Darasa lililofuata nilibadilisha kila kitu, na hili ndilo mnaloliita ubunifu wangu kwenye ripoti zenu. Siku ya kwanza, kabla ya maharage, kila mwanafunzi anasimama ananiamuru. Niliamrishwa nikae, nisimame, nifute ubao, nifungue dirisha, nitoke nje kwenye mvua, na nikatoka. Sista mmoja alilia. Mseminari mmoja aliniamuru huku ameniomba radhi kabla na baada, sentensi ya maneno mawili ikachukua robo saa. Mkuu aliniita kwa sababu wapita njia walisikia mtu mzima anafokewa dirishani.

"Mwalimu Magdalena, watu wanasema. Wewe ni mtu wa heshima zako."

"Waache waseme, Mkuu. Angalau wao wanasema."

Hakuna aliyeanguka tena kwenye hali ya kuamuru. Wageni wakapiga picha za hilo pia. Wakaniuliza wazo nilitoa wapi, nikasema uzoefu. Hakuna hata mmoja niliyemtajia Nasra.

Sasa siku ya kuniaga. Mlijaa ukumbini, wanafunzi wa zamani wengi, na akina mama wa Soni ndio waliopika. Mkuu akasoma kadi ile, hakuna aliyepotea, mkapiga makofi. Nikasimama kushukuru. Kwenye mlango wa jikoni alikuwa amesimama Nasra, aproni kiunoni, sinia la kabichi mkononi. Alikuwa ndiye kiongozi wa wapishi, na sikujua. Makofi yalipotulia alisema kwa Kiitaliano, sauti haikutetemeka, kwa ile amri yenye adabu ambayo sikumfundisha kuitamka:

"Maestra, dica la verità."

Mwalimu, sema ukweli. Nusu ya ukumbi ilielewa maneno, hakuna aliyeelewa maana yake ila mimi. Mkuu, ambaye miaka yote hii ameongoza chuo cha Kiitaliano bila kukijua, akaniinamia. "Amesemaje?"

Nikasema, "Ananitakia maisha mema."

Mkapiga makofi tena. Nasra akaweka sinia mezani akarudi jikoni. Mara mbili! Mtu mmoja, mara mbili, na mara ya pili sina Profesa wa kumwogopa wala kazi ya kupoteza. Nilikuwa nalinda nini, saa ya ukutani?

Hapa ndipo nilipokuwa nimekusudia kuishia. Chini ya haya yote niliandika ukweli wenyewe kwa mstari mmoja wa mwisho: sikumfundisha, nikasema nimemfundisha, akalipa yeye. Nikakunja karatasi nimpelekee Mkuu. Lakini njiani niliona kwamba kumpelekea Mkuu ni kunong'ona. Nikapanda gari la Soni.

Nasra alikuwa anapanga kabichi, mama yake kwenye kigoda anafunga karoti. Mama alinikaribisha kwa furaha, hajui lolote. Kwake yeye binti aliogopa wazungu, basi, na miaka kumi na moja amekuwa akimtania kwa hilo mbele ya wateja. Nasra hakunikaribisha, wala shikamoo hakutoa. Alitazama karatasi mkononi mwangu, akanionyesha kreti la plamu lililogeuzwa chini juu.

"Si sieda."

Kaa. Nikakaa.

"Legga."

Soma. Nikaanza kusoma, kwa sauti, kwa Kiswahili ili mama asikie. Wanunuzi wawili walisogea. Nilisoma maharage, nikasoma saruji, mama akacheka kidogo kwenye dua zake. Nilipofika kwenye mlango akaacha kufunga karoti. Nilipofika Profesa aliponigeukia, nikashusha karatasi. Mama alikuwa anamtazama binti yake, si mimi.

"Nasra," alisema polepole, "kumbe hukuogopa?"

Nasra alikuwa bado ananitazama, kabichi mkononi.

"Continui," akaniambia.

Nikaendelea.